Jinsi ya kuzungukia vibao vya historia vya barabarani: Tallahatchie County, Mississippi, kwa anayeanza

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila mara: nianzie wapi, ni bure au kuna kiingilio, naruhusiwa kusimama popote, ni salama kwa mtu mweusi, mbona kibao kimoja kinasema hivi na kingine vile. Wengi mnaouliza mko Memphis, Nashville, Dallas huko, wengine ni madereva wa malori mnapita Mississippi mnaviona vile vibao vya chuma pembeni ya barabara alafu mnavipita tu kwa sababu hakuna pa kupaki trela. Basi nimechukua kaunti moja tu, Tallahatchie, nikaiandika yote. Nimeichagua kwa sababu hakuna sehemu nyingine ninayoijua ambapo kibao chenyewe kimepigwa risasi, kikaibiwa, kikarudishwa, kikapigwa tena. Pale unajifunza haraka kwamba kibao ni kauli ya mtu fulani aliyeisema mwaka fulani, na kuna watu hawataki isemwe.

Kwa asiyejua kabisa: Agosti 1955 kijana wa Chicago, Emmett Till, miaka 14, alikwenda Mississippi kwa ndugu zake. Akadaiwa kumkosea heshima mwanamke wa kizungu dukani. Usiku wa tarehe 28 wakamtoa nyumbani kwa babu yake mdogo Mose Wright, wakamtesa wakamuua, mwili wakautupa mtoni umefungwa kwa seng'enge kwenye feni ya chuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Mwezi uliofuata Roy Bryant, mume wa yule mwanamke, na kaka yake wa kambo J. W. Milam wakashtakiwa mjini Sumner wakaachiwa. Mama yake, Mamie Till, aliamua jeneza likae wazi Chicago watu waone walichomfanya mwanae. Hayo yanatosha kuanzia, mengine utayasoma hukohuko.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Gari yenye tenki limejaa. Vituo vya mafuta kule ni vya kuhesabu na vingine vinafungwa mapema.
- Simu yenye chaji, pawabenki, na ramani ulizozidauniodi kabisa. Mtandao unakatika kwenye mashamba, usitegemee bando.
- Leseni ya udereva, bima ya gari, kadi ya gari, vyote sehemu moja unapofikia kirahisi.
- Viatu vya kufunga, suruali ndefu, dawa ya mbu. Delta, yaani hili eneo la mashamba ya pamba la Mississippi, ni tambarare, maji yamejaa kila mahali na mbu nao wapo.
- Maji na chakula. Usifikirie utakula njiani.
- Kitambaa laini, tochi ndogo, daftari na kalamu. Ndiyo, daftari, sababu simu ikizima kila kitu kimeondoka.
- Kizibao cha rangi ya chungwa au ya kung'aa. Msimu wa kuwinda kulungu watu wako porini na bunduki, na wewe utakuwa umesimama karibu na kichaka.
- Mtu wa pili. Sisemi ni lazima ila nakushauri sana.

Kiingilio hakuna, vibao vya barabarani ni bure. Jumba la makumbusho ndiyo linaweza kukutoza au kuomba mchango, beba hela kidogo.

Hatua

1. Chagua siku. Kwenda katikati ya wiki ni bora kwa sababu mahakama ya Sumner inakuwa wazi, lakini kumbuka ile bado ni mahakama inayofanya kazi, ukikuta kesi inasikilizwa hauingii. Piga simu kituo cha Emmett Till Interpretive Center siku mbili tatu kabla, wako ng'ambo tu ya mahakama, waulize saa zao na kama kuna mtu wa kukutembeza. Usiende siku mvua imenyesha wala siku ya pili yake. Udongo wa Delta ukilowa unanata kama gundi na gari ndogo haitoki. Julai na Agosti ni joto la kuumiza kabisa, mimi naona Oktoba na Novemba ndiyo poa, pamba imefunguka, ila barabarani utakutana na matrekta na mashine za kuvunia zimejaza njia nzima, kuwa mvumilivu usi-ovateki.

2. Weka pini zote nyumbani. Ingia hmdb.org, ni hifadhidata ya vibao vya historia ambayo watu wa kujitolea wanaijaza tangu 2006, tafuta jina la kaunti, utapata orodha na ramani. Kila kibao unachotaka kiwekee pini kwenye simu yako. Kuna pia programu ya Emmett Till Memory Project inayokupitisha sehemu moja baada ya nyingine, idauniodi. Kosa la wengi ni kuandika "Emmett Till marker" kwenye GPS alafu kufuata, inakupeleka kimoja tu na unaondoka ukidhani umemaliza. Kosa lingine ni kudhani kila kitu kiko Tallahatchie. Duka liko Leflore, kibanda alikoteswa kiko Sunflower, mwili ulipatikana Tallahatchie ndiyo maana kesi ikasikilizwa huko. Kaunti tatu hizo.

3. Ingia kwa kaskazini. Kutoka Memphis shuka barabara ya 61 mpaka Clarksdale, hapo chukua 49 kwenda kusini mpaka Tutwiler, jumla kama saa moja na nusu ukienda bila haraka. Tutwiler ndipo 49 inapogawanyika, 49W na 49E. Wewe unataka 49E. Ukijikuta unaelekea Drew umeshapotea, umeshika 49W, geuza. Kwenye 49E ndiyo kuna Sumner, Webb, alafu Glendora, vimepangana mstari mmoja.

4. Anzia Tutwiler kujizoeza. Usikimbilie Till moja kwa moja, jizoeze kwanza na kibao chepesi. Pale ilipokuwa stesheni ya treni ndipo mwanamuziki W. C. Handy, miaka ya 1903 hivi, alimsikia mtu akipiga gitaa kwa kisu na kuimba, na Handy alivyokuja kulisimulia jambo hilo baadaye mji ukapata sifa yake kwenye historia ya muziki wa blues. Kibao chake ni cha Mississippi Blues Trail, mfululizo wa vibao vya muziki huo jimboni. Vya hawa utavitambua mara moja, ni vya bluu, mbele maandishi ya kusubu, nyuma kuna karatasi ngumu ya picha na maelezo marefu. Nyuma ndiyo kuna uhondo. Watu wanapiga picha mbele wanaondoka!

Nje kidogo ya mji kuna kaburi la Sonny Boy Williamson, yule wa pili, Aleck Miller, mpiga harmonika. Utakuta mashabiki wameacha harmonika juu ya jiwe, usichukue hata moja. Angalia tarehe ya kifo iliyochongwa, inasema Juni 1965, na mtu alifariki mwishoni mwa Mei 1965. Jiwe limekosea na limebaki hivyohivyo. Ndiyo nataka ulione hili mapema kabla hujafika kwenye vibao vizito: kitu kuchongwa kwenye jiwe au kusubiwa kwenye chuma hakikifanyi kiwe kweli.

5. Jua kupaki. Hii ndiyo inayowaweka watu kwenye matatizo. Toa gari yote nje ya mstari mweupe, washa hazadi, na kama bega la barabara ni jembamba pitiliza, tafuta kijia cha kanisa au uwanja wa posta, rudi kwa miguu. Usizibe njia ya kuingilia shambani hata dakika mbili, trekta likija mwenye shamba hatakuelewa. Usivuke uzio wala kamba, ardhi nyingi ni ya watu binafsi hata kama kibao kiko futi kumi kutoka pale. Madereva wa malori, trela iacheni truck stop, njooni na gari ndogo, nawaomba.

Polisi akisimama kukuuliza, na anaweza kusimama tu kwa sababu kaona gari ngeni, mikono iwe inaonekana, jibu kwa utulivu kwamba unasoma kibao cha historia. Kuhusu usalama kwa mtu mweusi jibu langu ni hili: wengi wa wakazi wa kaunti ni weusi, watu wanasalimia, mchana hakuna shida, ila sehemu ya mtoni ni pweke na ina historia ya watu wabaya kwenda pale, kwa hiyo nenda mchana, nenda wawili, mtu wa nyumbani ajue uko wapi.

6. Tambua kibao ni cha nani kabla hujakisoma. Kijani chenye ua la magnolia juu ni cha jimbo, cha idara ya kumbukumbu na historia ya Mississippi, wanavisimamisha tangu 1949. Bluu cha Blues Trail nimeshasema. Freedom Trail ni ndugu zake, umbo linafanana ila ni vya harakati za haki. Vya zambarau vilikuwa vya Emmett Till Memorial Commission, kamati ya kaunti yenyewe iliyoanza 2006, watu 18, nusu weusi nusu wazungu. Tangu 2023 kuna pia alama za hifadhi ya taifa, kwa sababu Rais Biden alitangaza sehemu tatu, mbili za hapa na kanisa moja Chicago, kuwa eneo la kumbukumbu la taifa la Emmett na mama yake.

Alafu soma kuanzia chini. Chini ndiyo kunaandikwa nani kaweka na mwaka gani. Mwaka wa kibao na mwaka wa tukio vitoe tofauti, andika kwenye daftari. Ndipo upande juu usome.

7. Sumner, tenga muda wa kutosha. Mbele ya mahakama utakuta vitu viwili. Kimoja ni sanamu ya askari wa Confederate, wale waliopigana kulinda utumwa, iko pale tangu 1913. Kingine ni kibao cha kijani cha jimbo kuhusu kesi ya Till, cha 2007. Toa hesabu: kesi ilikuwa 1955, kibao 2007, ni miaka 52. Na si mahakamani tu, kwa karibu miaka 50 hakukuwa na kibao hata kimoja cha Till Delta nzima. Mtu aliyezaliwa Sumner mwaka wa kesi amekua, ameoa, amepata wajukuu, na kila siku anapita mbele ya mahakama anaona sanamu ya askari tu. Simama pale kati ya hivi viwili, piga picha moja inayovionyesha vyote. Hiyo picha ina thamani kuliko kloz-ap yoyote.

Kibao kinakwambia jopo la raia wanaoamua kesi (jury), wazungu watupu, liliwaachia Bryant na Milam na kwamba baadaye walikiri kwenye jarida. Kweli tupu. Sasa jiulize ambacho hakimo. Kwa nini wazungu watupu? Kwa sababu wajumbe wa jopo walitolewa kwenye daftari la wapiga kura na mwaka ule hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kaunti hii, na wanawake hawakuruhusiwa kukaa kwenye jopo Mississippi mpaka 1968. Wanaume 12, dakika 67, wameachiwa. Na kukiri kwenyewe kulikuwaje? Jarida la Look, Januari 1956, walilipwa hela, na walikiri wakijua hawawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Tena simulizi yao ilikiruka kabisa kile kibanda cha Sunflower, ambako kijana Willie Reed, aliyekuwa na miaka 18, alisema mahakamani kwamba alisikia mtu akipigwa, sababu wakikitaja kibanda wanawataja na wengine walioshiriki. Watu wengi wakaifuata simulizi ya wauaji kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukiona kibao kinataja wawili tu, jua hiyo "wawili" imetoka wapi.

Ndani, ukumbi umekarabatiwa uonekane kama 1955. Muombe anayekutembeza akuonyeshe alipokaa Mose Wright, mkulima wa pamba, aliyesimama akanyoosha kidole kwa Milam mbele ya wazungu wote wale. Baada ya ushahidi alilazimika kuhama jimbo. Alafu muulize meza ya waandishi weusi ilikuwa wapi, waliwekewa meza yao pembeni, na mama Till alikaa nao hapo. Muulize pia kuhusu bango la mjini la enzi hizo, waandishi walioripoti kesi waliliona, liliwakaribisha wageni kwa kusema Sumner ni mahali pazuri pa kulelea mtoto wa kiume. Nalo lilikuwa kibao cha barabarani!

Kwenye hizohizo ngazi za mahakama, tarehe 2 Oktoba 2007, watu wa kaunti walisoma tamko la kuomba radhi kwa familia ya Till. Ukisimama hapo simama kwa adabu, selfi za kucheka hapana.

8. Glendora na mtoni. Endelea 49E, kipande hiki cha barabara chenyewe kimepewa jina la Emmett Till. Glendora ni kijiji kidogo maskini, jumba lake la makumbusho liko kwenye jengo la zamani la kiwanda cha kuchambua pamba. Hapo kuna madai kwamba ile feni ilitoka jengo hilohilo, jambo ambalo watafiti wanabishania, wewe andika "inadaiwa" kwenye daftari usiandike "ilitoka". Nunua kitu, toa mchango, kijiji kinahitaji.

Kutoka hapo fuata pini yako kwenda Graball Landing, ni njia ya changarawe. Hapa ndipo kamati ilipoweka alama ya mwili kutolewa mto Tallahatchie. Kibao cha kwanza kilisimamishwa 2008, kikang'olewa kikatupwa mtoni. Cha pili kikatobolewa kwa mamia ya risasi. Cha tatu kiliwekwa Juni 2018, siku 35 baadaye kina matundu. 2019 ikasambaa picha ya wanafunzi watatu wa chuo wamepozi na bunduki mbele yake. Oktoba 2019 kikawekwa cha nne, chuma kizito cha zaidi ya kilo 220 kisichopenya risasi, na kuna kamera. Kile cha pili kilichotobolewa kilipelekwa Washington, kikaonyeshwa kwenye makumbusho ya taifa ya Smithsonian mwaka 2021, mbele ya watu wote wakione kilivyo.

Ukifika zima muziki kabla hujafungua mlango. Soma pande zote. Gusa ukingo kwa mkono uone unene wa kile chuma. Usishuke ukingoni mwa mto, kingo zinamomonyoka na nyoka wapo.

9. Piga picha kwa mpangilio. Mbele yote, nyuma yote, chini penye mwaka na jina la aliyeweka, alafu rudi nyuma hatua ishirini upige kibao na mazingira yake, shamba, barabara, nyumba. Hiyo ya mwisho ndiyo wanaoanza wanaisahau na ndiyo itakayomsaidia mtu kujua kibao kilikuwa wapi siku kikiibiwa. Maandishi ya kusubu yanasomeka vizuri jua likiwa pembeni, asubuhi au jioni. Saa sita mchana hayasomeki, basi mulika tochi kutoka pembeni, siyo mbele. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu tu. Usisugue kwa brashi ya chuma, usipake chaki herufi zionekane, unaharibu rangi. Matundu ya risasi yapige kloz-ap.

10. Kijiji cha Money, kama jua bado lipo. Duka la Bryant, lile kisa kilipoanzia, liko hapo Money, kaunti ya Leflore, kusini zaidi, karibu na Greenwood. Limebomoka, miti imeota ndani, ni mali ya mtu, usiingie hata kidogo. Soma kibao cha Freedom Trail cha 2011 ukiwa upande wa barabara. Nacho 2017 walikikwangua mpaka picha na maneno ya nyuma yakaisha, ikabidi kitengenezwe upya. Ukiwa na nusu saa pitia Greenwood uone sanamu ya Emmett iliyozinduliwa Oktoba 2022. Giza likiingia ondoka, usitafute kibao usiku.

11. Ukifika nyumbani, andika siku hiyohiyo. Kama kibao hakimo hmdb au picha yake ni ya zamani, fungua akaunti uongeze. Picha ziwe zako, maandishi yanakiliwe kama yalivyo hata yakiwa na makosa ya tahajia, usirekebishe. Makaburi ya kawaida hawapokei.

Ukikwama

*Pini inanileta kwenye shamba tupu.* Kwanza angalia upande wa pili wa barabara na nyuma ya nguzo za umeme. Kama hakipo kweli, kinaweza kuwa kimeibiwa, kimegongwa na gari, au kimepelekwa kutengenezwa. Piga picha pale patupu, andika tarehe, ripoti hmdb na kwa waliokiweka.

*Nimekuta kibao kimeharibiwa sasa hivi.* Usiokote vipande. Piga picha, ondoka, kwa vya Till piga simu Interpretive Center, kwa vya kijani wasiliana na idara ya jimbo. Ukiwakuta watu wanafanya uharibifu usiwafuate, usibishane nao, ondoka upige 911.

*Vibao viwili vinapingana.* Ni kawaida. Angalia mwaka na nani kaviweka, andika vyote viwili, muulize mtu wa Sumner.

*Nimesimama, mwenye shamba anakuja.* Msubiri nje ya gari, salimia kwanza, mwambie unasoma kibao. Wengine watakwambia uondoke, ondoka. Wengine watakaa na wewe nusu saa wanakusimulia, na hao waombe ruhusa kabla hujawarekodi.

*Nina watoto, niwapeleke?* Wa miaka kumi na kuendelea mimi nawapeleka, ila wasimulie nyumbani kabla ya safari, wasije kulijua mara ya kwanza pale mtoni. Wadogo zaidi waishie Tutwiler kwenye blues.

*Gari imekwama kwenye tope.* Acha kukanyaga mafuta, unachimba tu. Weka mikeka ya gari mbele ya matairi yanayozungusha, ondoka taratibu gia ndogo. Isipotoka tembea mpaka uone mtandao au nyumba, mtu wa trekta atakutoa, na umpe hela hata akikataa mara ya kwanza.